Anko, Haya Maji Yanauma

Najua nimepotea wiki kadhaa, na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nikihangaika na hitilafu moja ambayo nilishindwa kuiona kwa siku tatu, na haikuwa ndani ya kompyuta. Ilikuwa sebuleni kwetu hapa Makindu, ndani ya tangi la samaki, na nusura imuue mama yangu.

Kwa hiyo leo hakuna Python wala hifadhidata. Leo tunaongea kuhusu maji na stima. Lakini usiondoke. Kosa nililolifanya ni lile lile ambalo sisi waandishi wa programu hulifanya kila wiki, na nina maoni makali kidogo kuhusu jambo hili.

Tangi lenyewe

Mnaonifahamu mnajua nilirudi nyumbani kutoka Nairobi, kazi zangu nazifanya kwa intaneti, na jioni macho yakichoshwa na skrini nataka kitu kingine cha kutazama. Nikanunua tangi la kioo: urefu sentimita 60, upana 30, kina 35. Piga hesabu utapata lita 63. Ndani nikaweka gapi, wale samaki wadogo wenye mikia ya rangi rangi. Kisha nikaweka vifaa vinne: pampu ya hewa, filta ndogo, taa, na hita ya kioo ya wati 100. Vyote vinne nikavichomeka kwenye ekstensheni moja, na ekstensheni ikalala sakafuni nyuma ya meza. Ndiyo, sakafuni. Najua. Tutafika huko.

Makindu ni mji wa barabarani. Watu wanapita kwenda Mombasa, wanasimama kwenye hekalu la Masingasinga, wanakula, wanaendelea na safari. Tangi la samaki sebuleni si kitu cha kila nyumba hapa, kwa hiyo watoto wa majirani walikuwa wanajaa mlangoni kila jioni. Mpwa wangu wa miaka sita akajifanya meneja wa tangi, yeye ndiye anayeamua nani aangalie na nani aondoke :)

Siku moja akaja mbio jikoni.

"Anko, haya maji yanauma."

Nikacheka. Nikamwambia ni samaki wamemwonja kidole. Akakataa, akasema si samaki, ni maji. Basi nikaenda mwenyewe, nikatia mkono mpaka karibu na kiwiko, nikaukoroga huku na huku. Sikuhisi kitu. Nikamwambia, "Umeona? Maji hayana meno." Akanyamaza, akaondoka. Sikulifikiria tena.

Siku tatu baadaye mama alikuwa anapiga deki. Miguu mitupu, sakafu ya saruji imelowa maji. Akaona jani limeziba filta, akanyoosha mkono kulitoa. Mimi nilisikia kishindo tu. Nilipofika alikuwa ameketi chini, ameegemea kiti, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani, haongei. Baada ya muda akasema, "Mwanangu, hiki kitu chako kimenipiga."

Tulikwenda hospitali, wakampima moyo, wakamweka chini ya uangalizi kwa saa kadhaa. Mkono ulikuwa na ganzi mpaka usiku. Sasa yuko salama kabisa, ananicheka hata. Lakini nilipokuwa nimekaa pale kwenye benchi nikisubiri, nilielewa jambo ambalo limeninyima usingizi tangu siku ile. Mtoto alikuwa ameniambia ukweli. Yeye alikuwa miguu mitupu. Mama alikuwa miguu mitupu. Mimi nilikuwa nimevaa ndara za mpira.

Wenzangu wa programu mnaona? Niliripotiwa hitilafu na mtumiaji. Nikaijaribu katika mazingira yangu, siyo yake. Ikakataa kujitokeza. Nikasema "kwangu inafanya kazi", nikaifunga. Katika programu, ukifanya hivyo mteja anakasirika. Katika tangi la samaki unaweza kuzika mtu.

Kwa nini samaki hawakufa

Swali la kwanza ambalo kila mtu amenitupia tangu siku ile ni hili: kama maji yalikuwa na stima, mbona samaki walikuwa wanaogelea vizuri?

Hili swali ni muhimu kwa sababu watu wengi hutumia samaki kama kipimo. Samaki yu hai, basi maji ni salama. Si kweli.

Umeme haumpigi mtu kwa sababu kitu kina volti. Unampiga unapopata njia ya kupita ndani yake kutoka mahali penye volti nyingi kwenda mahali penye volti chache. Ndiyo maana ndege anatua juu ya waya mtupu wa stima na hapati shida. Miguu yake yote miwili iko kwenye waya mmoja, hakuna tofauti kati ya mguu na mguu, hakuna kinachopita.

Tangi la kioo ni vivyo hivyo. Kioo hakipitishi umeme, meza kavu ya mbao pia ni shida kupitisha. Waya wa laivu ukigusana na maji, maji yote yanapanda volti kwa pamoja, na samaki wanapanda nayo. Isipokuwa karibu sana na ufa wenyewe, hakuna tofauti kubwa kati ya kichwa cha samaki na mkia wake. Anakula, anaogelea, anazaa. Tangi zima ni kama swichi iliyo wazi, inasubiri mtu wa kuifunga. Mtu huyo ni wewe, siku utakapotia mkono ukiwa umesimama kwenye sakafu iliyolowa.

Breka haikulindi wewe

Swali la pili: je, breka haikuruka?

Haikuruka. Na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, maana hata watu wenye digrii, nikiwemo mimi, tunaamini kwamba kile kisanduku cha breka ukutani kiko pale kutulinda. Breka ya kawaida iko pale kulinda waya. Kazi yake ni kukata stima waya unapobebeshwa mzigo mkubwa mpaka ukataka kuungua, au pale laivu na nyutro zinapogusana. Mwili wako haumo katika hesabu yake.

Tufanye hesabu. Stima yetu Kenya ni volti 240. Tuchukulie mwili wa mtu mwenye mikono na miguu iliyolowa una upinzani wa omu 2,000. Gawanya 240 kwa 2,000, unapata amperi 0.12, yaani miliamperi 120. Sasa linganisha. Miliamperi 1 unaanza kuisikia ikiwasha. Ikifika karibu 10, misuli inakaza na unaweza kushindwa kuachia ulichoshika. Ikipita 30 na kuendelea kwa muda, kupumua na moyo vinaingia hatarini. Miliamperi 120 zikipita kifuani ni kifo cha kawaida tu, hakina ajabu.

Breka ya soketi za nyumbani mara nyingi ni ya amperi 32. Hizo ni zaidi ya mara 260 ya ule umeme unaoweza kukuua. Kwa breka, mtu anayekufa ni mzigo mdogo kuliko taa ya wati 40. Fyuzi ya amperi 13 iliyo ndani ya plagi nayo haiwezi kukusaidia kwa sababu hiyo hiyo.

Mama alipona kwa sababu mkono ulimrudi haraka, na pengine saruji na ngozi yake vilitoa upinzani zaidi ya huo wa hesabu yangu. Ni bahati. Sipendi mfumo unaotegemea bahati.

Na erthi je? Fundi wa stima tuliyemwita, mwenye leseni ya EPRA, alitembea nje ya nyumba na kunionyesha waya wa erthi unaoshuka kwenye nondo iliyozikwa ardhini. Ulikuwa umekatwa. Hakuna anayejua ni lini, wala nani aliuchukua. Nyumba imekaa hivyo, taa zinawaka, televisheni inaongea, kila mtu anaona mambo ni sawa. Erthi ni kama nakala ya akiba ya data zako: siku zote unaamini ipo, mpaka siku unapoihitaji.

Tena hata ungekuwa mzima, kuna jambo la hapa kwetu. Nondo ya erthi inafanya kazi vizuri kwenye udongo wenye unyevu. Makindu kuanzia Juni mpaka Oktoba ardhi imekauka kama tofali, na upinzani wa nondo unapanda. Chukulia umefika omu 50 tu. Taa ya tangi yenye kifuniko cha chuma ikivuja kwenda erthi, umeme utakaopita ni 240 gawanya kwa 50, yaani amperi 4.8. Breka ya 32 haitatikisika. Kifuniko cha taa kitabaki na stima, kikisubiri mkono.

Kifaa kinachojua kutoa na kujumlisha

Kuna kifaa kinachoitwa RCD. Ukienda duka la vifaa vya stima sema hivyo hivyo, watakuelewa, au useme RCCB. Kazi yake ni rahisi kiasi kwamba mtu wa programu ataipenda mara moja.

Umeme unaotoka kwa laivu kwenda kwenye kifaa lazima urudi kwa nyutro. Wote. Ukituma amperi 2, zirudi amperi 2. RCD inapima kinachotoka na kinachorudi, muda wote, bila kuchoka. Hesabu zisipolingana, maana yake kuna umeme umepata njia nyingine: kupitia maji, kupitia chuma, au kupitia mama yako. Tofauti ikifika kiwango kilichowekwa, inakata laivu na nyutro zote mbili. Kwa zile za kulinda watu kiwango hicho ni miliamperi 30. Viwango vya kimataifa vinaitaka ikate ndani ya sekunde 0.3 tofauti ikifika 30, na ndani ya sekunde 0.04 ikifika 150.

Ni ile ile hesabu ya uhakiki tunayoifanya tunapotuma faili kwenye mtandao. Kilichotumwa na kilichofika vikitofautiana, simamisha kila kitu.

Wala si teknolojia ya jana. Katika miaka ya 1950 mhandisi Henri Rubin alikuwa akitengeneza vifaa vya namna hii kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Mwaka 1961 Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyetumia miaka mingi kupima umeme unavyomdhuru binadamu, akabuni kile ambacho Wamarekani wanakitumia mpaka leo bafuni na jikoni. Zaidi ya miaka 60 imepita. Bei ya RCD moja ni kama ya kuku wa kienyeji wawili watatu. Nyumba yetu haikuwa nayo. Nyumba yako unayo? Usinijibu kwa kukisia. Nenda kwenye kisanduku, tafuta kifaa kilichoandikwa 30 mA au 0.03 A na chenye kitufe cha T. Ukikosa kitufe hicho, ulicho nacho ni breka tupu.

Niseme ukweli wote, nisije nikaonekana nauza vifaa. RCD haizuii usipigwe kabisa. Utausikia umeme kwa muda mfupi sana kabla haujakatwa. Na ukishika laivu kwa mkono mmoja na nyutro kwa mkono mwingine, bila njia ya kwenda ardhini, yenyewe itakuona kama taa ya kawaida. Haifuti uzembe. Inapunguza tu idadi ya makosa yanayoishia kaburini.

Kuna pia kijiti cha titani kinachotiwa majini na kuunganishwa na erthi. Kikitumika pamoja na RCD ni kizuri sana, kwa sababu hita ikipasuka umeme unapata njia papo hapo na RCD inakata kabla mtu hajatia mkono. Kikitumika bila RCD ni kazi nusu. Umeme utaendelea kuvuja na breka haitajua, na wewe ukiwa na mkono mmoja majini na mwingine kwenye taa mbovu, umejiunganisha mwenyewe na ardhi.

Stima inapopotea ndipo hatari inapoanza

Sasa nije kwa kilichoipasua hita yangu. Nimekaa nikaipeleleza kama tunavyopeleleza seva iliyoanguka, nikarudi nyuma hatua kwa hatua.

Jumapili moja stima ilipotea. Nikajiambia, "Vizuri, leo nitabadilisha maji bila wasiwasi, hakuna stima." Nikatoa maji nusu ya tangi. Sikuchomoa kitu. Hita ikabaki sehemu yake iko hewani. Nikatoka kwenda kuchukua mtungi mwingine wa maji nje, nikakutana na jirani, mazungumzo yakanoga. Stima ikarudi. Hita ikawaka hewani, kioo kikachemka. Nikaja nikamimina maji baridi. Sikusikia mlio wowote. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, chini kidogo ya kifuniko cha mpira, na fundi aliuona kwa tochi.

Kenya hii tunajua stima inavyopotea. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliingia kwenye kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikaingia gizani. (Tumbili mwenyewe alipona.) Tarehe 25 Agosti 2023 tena karibu nchi nzima ikazimika kwa saa nyingi. Hayo ni makubwa yanayofika kwenye magazeti. Ya kwetu ya kila wiki hayaandikwi popote. Kwa hiyo mashauri ya kufuga samaki yanayoandikwa Ulaya, ambako stima haipotei ovyo, hayatutoshi. Sisi lazima tufikirie kinachotokea inapopotea na inaporudi.

Mfano wa pili. Pampu ya hewa watu huiweka chini ya meza. Stima ikiwepo, hewa inasukuma maji yasiingie kwenye mpira. Stima ikipotea, hewa inaacha kusukuma, maji yanaweza kupanda mpirani, yakivuka ukingo yanaanza kushuka yenyewe, kama tunavyofyonza maji kwa mpira kutoka pipa. Yanaingia kwenye pampu, yanatoka, yanamwagika juu ya ekstensheni iliyo sakafuni. Wewe umelala. Saa nane usiku stima inarudi.

Dawa yake ni ya senti: weka pampu juu kuliko usawa wa maji, au tia kwenye mpira ile vali ndogo ya njia moja.

Hita ya nini Makindu?

Hapa ndipo nimejiona mjinga kuliko pengine pote. Nilinunua hita kwa sababu video zote nilizotazama zilisema tangi lazima liwe na hita. Waliotengeneza video hizo wanaishi mahali penye theluji. Mimi ninaishi Makindu, mahali ambapo watu wanaomba baridi ije.

Baada ya mkasa nilitoa hita nikakaa bila, nikipima maji asubuhi na jioni. Hata asubuhi za Julai, ambazo ndizo baridi yetu, kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 20. Gapi wanavumilia hivyo bila shida. Ngege ni wa maji yetu haya haya ya Afrika. Kile kifaa kilichotaka kumuua mama hakikuwa na kazi hata siku moja.

Kuna kanuni tunajifunza mapema katika programu: mstari ambao hukuuandika hauwezi kuwa na hitilafu. Kifaa ambacho hukukitia majini hakiwezi kuvuja. Kabla ya kununua chochote cha tangi, jiulize kama samaki wako, katika mji wako, wanakihitaji. Mtu wa Limuru au Nyahururu atapata jibu tofauti na langu, na ni sawa.

Maoni yangu

Nimeahidi maoni makali, haya hapa.

Nasema mtu yeyote asiweke tangi lenye vifaa vya stima katika nyumba isiyo na RCD. Siyo "ikiwezekana". Ukiwa na pesa ya tangi, filta na samaki lakini huna ya RCD, basi bado huna pesa ya tangi. Ngoja mwezi ujao.

Najua majibu. Kwanza: "RCD ikiruka nikiwa kazini samaki watakosa hewa." Huenda. Weka samaki wachache kwa maji mengi, watastahimili saa kadhaa, maana hata stima ikipotea wanastahimili. Na kama ni lazima tuchague, samaki wafe. Wanauzwa.

Pili: "Inaruka ruka ovyo, inazima friji." Ikiruka ruka, kuna kitu kinavuja. Usipige risasi mjumbe, tafuta kinachovuja. Au mwambie fundi aipe tangi laini yake peke yake yenye RCD yake.

Tatu, na hili ndilo zito: "Mimi ni mpangaji." Kweli. Ploti nyingi za miji yetu midogo zimejengwa na kuwashwa stima kwa haraka, na mpangaji hana ruhusa ya kugusa kisanduku. Lakini zipo RCD za kuchomeka kwenye soketi kama adapta, unahama nayo. Na kwa wenye nyumba nasema waziwazi: mnatoza kodi kila mwezi, kifaa cha bei ya kuku watatu kwa kila nyumba si mzigo. Mpangaji akipigwa na stima akiwa anaoga kwa maji ya moto ya stima, kifaa hicho hicho ndicho kingemwokoa. Tangi la samaki ni mfano wangu tu.

Na wanaouza hita na pampu zisizo na alama ya ubora ya KEBS wala jina la kiwanda: mimi nilinunua mwenyewe kwa sababu ilikuwa rahisi, kwa hiyo lawama tugawane.

Orodha ya kubandika ukutani

1. Kabla ya mkono kuingia majini, chomoa plagi. Siyo kuzima swichi ya soketi tu. Swichi nyingi zinakata waya mmoja, na kama fundi aligeuza laivu na nyutro, umezima lakini maji bado yana stima.

2. Hita ikizimwa, ngoja dakika 15 ipoe kabla ya kutoa maji. Hata kama stima imepotea, chomoa kwanza.

3. Waya za vifaa zishuke chini ya usawa wa soketi, kisha zipande kuingia. Maji yanayotiririka juu ya waya yatadondoka kwenye mkunjo huo wa chini badala ya kuingia kwenye soketi.

4. Ekstensheni iwekwe ukutani au pembeni juu, kamwe isikae sakafuni wala chini ya tangi. Ifungue uangalie ina waya tatu. Yangu ilikuwa na plagi ya miguu mitatu na waya mbili ndani!

5. Fyuzi ya plagi ya vifaa hivi iwe ya amperi 3. Hita ya wati 100 inakula amperi 0.42 tu. Ile ya 13 ni ya birika na pasi.

6. Bonyeza kitufe cha T cha RCD kila mwezi. Isipokata, ni pambo.

7. Kila mtu wa nyumbani, pamoja na watoto, ajue swichi kuu iko wapi. Mtu akinaswa, usimshike. Zima kwanza. Usipoweza, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu.

8. Ukitaka kupima maji kwa mita ya kidijitali, usishtuke ukiona volti kadhaa hata kwenye tangi zima. Mita hizi zina upinzani mkubwa ndani, zinaokota hata volti zisizo na nguvu. Angalia mabadiliko: chomoa kifaa kimoja kimoja, bila kugusa maji, uone kipi kikitoka namba inaanguka. Ndivyo tunavyotafuta hitilafu hata kwenye programu.

Basi tangi lipo bado. Mama alikataa nilitoe, anasema samaki hawana kosa. Lina RCD, lina laini yake, pampu iko juu ya rafu, hita haipo, na nondo ya erthi imewekewa waya mpya. Meneja wa tangi amepewa cheo kipya: tarehe moja ya kila mwezi ndiye anayebonyeza kitufe cha T mbele yangu, nyumba inazimika, anapiga makofi.

Na tumekubaliana jambo lingine. Siku akiniambia tena kwamba kitu kinauma, nitavua ndara zangu... hapana, natania. Nitachomoa kwanza, kisha ndiyo nimuulize kinauma wapi.

Wewe je, kitufe cha T umekiona kwenye kisanduku chako? Nenda sasa hivi, nakusubiri.